Makindu "ilikuwa stesheni tu"?

Swali: Mwalimu, naishi Umoja hapa Nairobi. Mimi ni mtu wa Vihiga, lakini nimeolewa Makindu, kule Makueni. Mwanangu wa Gredi ya 6 ameambiwa aandike historia ya mji wa asili ya baba yake. Nilipompigia simu baba mkwe, alicheka akasema, "Makindu haina historia. Ilikuwa stesheni tu, na hekalu la Wahindi." Je, ni kweli? Mji ule ulianzaje, wenyewe ni akina nani, na nikiwa hapa Nairobi nitapata wapi ushahidi bila kufunga safari kila wikendi? Tena, naruhusiwa kuwapeleka watoto kwenye lile hekalu?

Jibu: Mama, kwanza pole kwa kazi ya shule, siku hizi anayeulizwa ni mtoto na anayekesha ni mzazi. Na usimlaumu mzee. Alichosema ni kweli, ila amekisema kana kwamba ni aibu. Nairobi nayo ilikuwa stesheni tu. Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika kwenye uwanda huu wa matope tarehe 30 Mei 1899, na mji uliofuata ulianza kwa mahema na marundo ya vyuma. Vibarua waliopiga hema hapa walikuwa wametoka kupita Makindu. Machakos, iliyokuwa na ngome ya utawala miaka kumi kabla ya hapo, ilirukwa na reli, na John Ainsworth, ofisa wa Uingereza aliyeitawala, akahamisha makao yake kuja Nairobi mwaka huohuo. Kwa hiyo kama stesheni haina historia, wakazi wote wa jiji hili tufunge virago.

Swali ambalo mwanao angelifuata ni hili: katika stesheni zote zilizotawanyika kwenye nyika ile, mbona hii ikawa mji?

Aanze na maji. Kusini mwa Makindu kuna milima ya Chyulu, na milima ile ni ya volkano. Mvua ikinyesha juu haifanyi mito. Inazama ndani ya mawe na kuchipuka chini kabisa kwenye miguu ya milima: Makindu, Kiboko, Umani kule Kibwezi, na upande wa pili Mzima, ambako Mombasa imekuwa ikivuta maji kwa bomba tangu miaka ya 1950. Sasa fikiria injini ya mvuke inayopanda kutoka pwani. Katika jangwa la Taru hapakuwa na tone, hata maji ya vibarua yalibebwa kwa treni. Injini ikipata mahali penye chemchemi isiyokauka, hapo ndipo itakaposimama, itakaponywa, na ndipo mafundi wa kuitengeneza watakapojengewa nyumba. Makindu ikawa kituo cha injini. Siku hizo treni hazikuwa na behewa la kulia chakula, kwa hiyo abiria pia walishuka kula katika nyumba za mapumziko za reli, Voi na Makindu zikiwemo. Ukitaka kujua biashara ya kuuzia wasafiri chakula pale ilianza lini, ilianza na gari moshi. Mabasi yaliikuta.

Lakini usikubali mtoto aandike kwamba reli ilikuta pori tupu. Huo ndio uongo wa kawaida wa historia za miji midogo, na unapatikana hata kwenye vibao vya watalii. Wakamba walikuwa wakiwinda na kutundika mizinga ya nyuki katika nchi ile kitambo, na misafara yao ya pembe za ndovu ilikwenda pwani katika karne ya 19. Mfanyabiashara wao maarufu, Kivoi wa Kitui, ndiye aliyempokea mmishonari Krapf mwaka 1849. Jirani tu, Kibwezi, ilipata misheni ya Waskoti mwaka 1891, ikiwa juu ya njia ya misafara. Malaria iliwashinda, na mwaka 1898 wakahamia Ugikuyu, kwenye mahali tunapopaita Thogoto leo. Yaani kanisa la PCEA, ambalo kila mtu hulihesabu kuwa la milimani kule Kikuyu, mzizi wake uko Kibwezi, mwendo mfupi kutoka kwa baba mkwe wako.

Na reli haikupita wakati wa neema. Mwisho wa miaka ya 1890 Ukambani ilishikwa na njaa ambayo wazee wanaiita Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Kabla yake ugonjwa wa sotoka ulikuwa umemaliza ng'ombe. Watu waliodhoofika hivyo ndio waliotazama vyuma vikitandikwa, na sheria ya ardhi iliyoletwa kutoka India mwaka 1897 iliiwezesha serikali kuchukua maili moja kila upande wa njia ya reli. Hii maili moja uitilie maanani. Ukitaka kuelewa kwa nini katika miji ya reli hadi leo mtu anaweza kuwa na duka la miaka 40 na asiwe na hati ya kiwanja, anzia hapo. Mji ulizaliwa juu ya ardhi ambayo si ya mkazi yeyote, ni ya reli na serikali. Aliyejenga alijenga kwa leseni ya muda.

Sasa hao "Wahindi" wa mzee. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli hii. Karibu 2,500 walikufa, kwa magonjwa zaidi kuliko kwa wale simba wa Tsavo wanaosimuliwa kila siku. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao mikataba ilipoisha, na kama 6,700 hivi ndio waliochagua kubaki. Waliobaki hawakuruhusiwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, wakaingia kwenye kazi mbili: duka na ufundi. Mwenye duka anayejulikana kuliko wote ni Allidina Visram, aliyefungua maduka kufuata reli hadi Uganda. Upande wa ufundi, Makalasinga, yaani waumini wa dini ya Sikh, ndio waliokuwa maseremala, wahunzi na waashi wa reli, na Makindu, kwa kuwa ilikuwa kituo cha injini, ilikuwa na wengi wao. Masimulizi ya hekaluni yanasema walianza kwa kukusanyika jioni chini ya mti kuimba tenzi zao, na Wahindu na Waislamu wa Kihindi wakiketi nao. Mwaka 1926 wakajenga hekalu.

Hapa ndipo historia inapopinda, na ndipo ninapoona mzee amejipunja. Kazi ya injini ilipopunguzwa Makindu, mafundi walihamishwa, wakaja Nairobi na kwingineko. Hekalu likabaki katika mji ambao hauna tena waumini wa kulijaza. Mahekalu mengi ya namna hiyo yaligeuka maghala au yakaporomoka. Hili la Makindu halikuporomoka kwa sababu lilikuwa limesimama penye njia. Sheria ya dini yao ni kwamba kila anayeingia alishwe bure, bila kuulizwa kabila wala dini, na barabara ya Mombasa haijawahi kukosa mwenye njaa. Makalasinga wa Nairobi, Kisumu, hata wa Uingereza, wakaanza kulijia kama mahali pa hija na kulitumia michango. Ndiyo maana leo ukipita saa sita mchana utamkuta dereva wa lori la Kigali, familia ya Nairobi inayokwenda pwani, na kijana wa bodaboda wa palepale Makindu, wote wameketi na sahani za chuma zenye vigawanyo: dengu hapa, mboga pale, chapati mbili zimepakwa samli, na chai ya maziwa kwenye kikombe cha chuma kinachounguza vidole. Waislamu nao wana mahali pao pa namna hiyo zaidi kuelekea pwani, kwenye kaburi la Seyyid Baghali pale Mackinnon Road, ambapo madereva wengi husimama kuomba dua. Reli ileile, vibarua walewale, sehemu mbili za ibada ambazo barabara ndiyo inayoziweka hai.

Hilo ndilo la "hekalu la Wahindi". Upande ambao mzee ameuruka kabisa ni wa kwake mwenyewe. Muulize, au afadhali mtoto ndiye amuulize, kwa maana babu humfungukia mjukuu kuliko mkaza mwana: baba yake alitoka wapi? Nakuhakikishia katika boma nyingi za Makindu jibu litakuwa Mbooni, Kilungu, Mukaa, au milima mingine ya Ukambani. Nchi ya tambarare kule chini, kabla ya miaka ya 1940, ilikuwa ya mbung'o na wanyama zaidi kuliko ya wakulima, na serikali ilikuwa imeiandika kuwa ardhi ya Mfalme. Milimani kulijaa watu na udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji. Baada ya Vita vya Pili serikali ikaanzisha mpango wa kuwahamishia watu Makueni. Ili kuisafisha, ilimtuma mwindaji wake, J. A. Hunter, kuua vifaru. Kati ya 1944 na 1946 aliua karibu elfu moja. Elfu moja, mama, katika eneo ambalo leo mtoto wa Makueni anamjua kifaru kwa picha. Baadaye mwindaji huyohuyo akajijengea hoteli penye chemchemi ya Kiboko, na hoteli hiyo bado inaitwa kwa jina lake. Mimi ningemwomba mwanao asiliache jambo hili nje ya insha yake, hata kama mwalimu ataona ni zito.

Waliohamia huko walifika na jembe na mbuzi, wakakuta nchi ambayo mvua ya vuli ndiyo ya kutegemewa na ile ya masika ni bahati nasibu. Wanaume wengi walikuja Nairobi na Mombasa kutafuta mshahara, wengi katika reli hiyohiyo, jeshini na polisi. Mitaro ya kuzuia udongo, mabwawa ya mchanga na madarasa ya kwanza yalichimbwa na kujengwa na wanawake katika vikundi vya mwethya, wakienda shamba kwa shamba kwa zamu. Kituo cha injini kilileta mji, lakini kina mama hawa ndio walioupa soko. Stesheni haili maembe na mbaazi. Stesheni hununua, na lazima kuwe na mtu wa kuuza.

Miaka ya baada ya uhuru naipitia kwa haraka kwa sababu inafanana na ya miji mingine. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo ya mjini yaliyotajwa, na katika miji midogo nchi nzima maduka ya Wahindi yakahamia mikononi mwa Waafrika. Injini za mvuke zikaondolewa polepole, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 zilikuwa zimekwisha. Dizeli haina haja na chemchemi. Kwa hesabu ya kawaida Makindu ilistahili kufa hapo. Ila barabara ya lami ilikuwa imeshatandikwa sambamba na reli, na malori yakachukua nafasi ya treni: petroli, gereji, vyumba vya kulala, nyama choma, wachonga vinyago. Mwaka 2017 reli mpya ya SGR ikaja, ikaweka stesheni Emali na Kibwezi, na Makindu iliyo katikati yao ikarukwa, kama Machakos ilivyorukwa mwaka 1899. Nimesikia watu wakitabiri kwamba huo ndio mwisho wake. Sioni hivyo. Hospitali iko, soko liko, malori yapo, na hekalu liliacha kutegemea treni zamani. Kitakachoitikisa Makindu ni barabara kubwa itakayolikwepa soko, si reli nyingine.

Sasa ushahidi, na hapa una bahati ya kukaa Nairobi, kwa sababu sehemu kubwa ya karatasi za Makindu haziko Makindu.

Nenda kwanza kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, lile jengo lililokuwa Benki ya India, Moi Avenue, mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Wengi hukosea mlangoni: huomba faili za Makueni, wanaambiwa ni chache, wanaondoka. Makueni haikuwa wilaya hadi 1992. Kabla ya hapo kila kitu cha Makindu kiko chini ya Machakos, na kabla ya hapo chini ya Mkoa wa Ukamba. Omba ripoti za mwaka za Mkuu wa Wilaya ya Machakos. Zimeandikwa na wakoloni kwa macho ya wakoloni, kwa hiyo zisome kwa jicho moja limefumbwa, lakini zina mvua, njaa, kodi, maduka na kesi. Ukifika mwaka 1938 soma taratibu: ndio mwaka serikali ilipoanza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, na Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu kuja Nairobi kumdai gavana awarudishie. Mtaa wa jina lake unaupita kila ukienda City Market. Mtoto akijua kwamba huenda jamaa wa babu yake walikuwa katika umati ule, hatauona tena mtaa huo vivyo hivyo.

Gazeti Rasmi la Serikali, linalochapishwa tangu 1899, ni kavu kama mbao, lakini ndilo litakalokupa viwanja vya biashara, leseni na mirathi ya wenye maduka. Matoleo mengi yako kwenye intaneti, na unaweza kutafuta neno "Makindu" ukiwa kitandani. Ramani za zamani ziko Ofisi ya Upimaji, Ruaraka. Nunua karatasi ya eneo hilo uone reli, barabara na chemchemi zilivyojipanga. Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner ina kumbukumbu za mvua za kituo cha Makindu, ambazo ni za muda mrefu. Kwa mtoto, Makumbusho ya Reli nyuma ya stesheni ya zamani inatosha siku nzima: azione zile injini kubwa za kundi la 59 zilizovuta mizigo kwenye njia hii, aingie kwenye chumba cha dereva, na ajionee mwenyewe matangi ya maji yalivyo makubwa. Hapo ataielewa Makindu kuliko kwa maneno yangu yote.

Halafu kuna maktaba ambayo haina kibao: wastaafu wa reli waliokuwa wakiishi Makongeni na Muthurwa. Bado kuna wazee waliofanya kazi kwenye njia ile, na wajane wao wanaokumbuka waume zao walivyokuwa wakihamishwa stesheni hadi stesheni. Kama hujui pa kuanzia, uliza kanisani siku ya Jumapili au kwa wenye vibanda vya chai, utaelekezwa.

Unapoongea na wazee, usiwaulize mwaka. Mzee atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize ilikuwa kabla au baada ya njaa gani. Wakamba huzipa njaa majina, na majina hayo ni kalenda: akisema Yua ya Ndeke, ni 1961, chakula kilipodondoshwa kwa ndege, akisema Nikw'a Ngwete, ni 1984, mtu alipokuwa na pesa mkononi na hakuna cha kununua. Muulize bibi aliolewa njaa gani, duka lile la kona lilikuwa la nani wakati huo, maji yalitekwa wapi, nani alikuwa chifu. Muulize pia mbai yake, yaani ukoo, na ulikotoka. Masimulizi mawili yakipingana, mtoto ayaandike yote mawili na ataje nani alisema lipi. Hiyo ni historia halali kabisa, na mwalimu akimkata alama, nitumie jina lake nimwandikie.

Kuhusu hekalu: wapeleke bila wasiwasi. Liko kando ya barabara kuu, zaidi ya kilomita 160 kutoka Nairobi, na mabasi na matatu za kupita huko zinapatikana kwenye kituo cha Machakos Country Bus hapa Nairobi. Mnavua viatu, mnanawa, mnafunika vichwa, wavulana pia. Mlangoni kuna vitambaa kwa asiye na chake. Msiingie na sigara wala pombe, hata kwenye mkoba. Chakula ni cha bure na hakina nyama. Mchango ni hiari na hakuna atakayekudai. Waambie watoto wapakue kile watakachomaliza tu, maana kubakiza ndilo kosa litakalowafanya waangaliwe vibaya. Wakishakula waombe waonyeshwe jikoni, hasa chapati zinavyosukumwa, na mtoto awe na daftari.